Ukumbi wa Kampala: Kiwanja chagombaniwa, wasanii wasubiri

MKAZI wa Karagwe au Kyerwa anayetaka kutazama mchezo katika jengo lililojengwa mahususi kwa maigizo hana budi kusafiri mbali. Ukumbi wa Bagamoyo, uliojengwa upya baada ya ule wa awali kuteketea kwa moto mwaka 2002, uko pwani, upande wa pili wa nchi. Kampala ni karibu zaidi, kwani avukaye Mto Kagera pale Murongo tayari yuko Uganda.

Ukumbi wa Taifa wa Kampala, ulio jirani na Bunge, ulifunguliwa Desemba 1959, chini ya utawala wa Kiingereza. Mwanzoni lugha ya jukwaani ilikuwa zaidi ile ya watawala. Waandishi wa Kiganda ndio walioligeuza jukwaa hilo kuwa la wenyeji, na mmoja wao, Byron Kawadwa, akawa kiongozi wa ukumbi huo. Mwaka 1977 kundi lake lilipeleka Lagos, katika tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, mchezo unaosimulia habari za jogoo na kiti cha enzi. Muda mfupi baada ya kurejea, Kawadwa alikamatwa na vyombo vya Idi Amin, akauawa. Watu wa Karagwe walikuja kuujua utawala huo kwa namna yao: Novemba 1978 majeshi ya Amin yalilibomoa daraja la Kyaka.

Jengo lenyewe lilinusurika. Hatari iliyolikabili baadaye ni ya aina nyingine, nayo ni thamani ya ardhi iliyo chini yake. Katika miaka ya 2010 ulizuka mpango wa kulibomoa ili pajengwe ghorofa refu la biashara, na wasanii wakaupinga hadharani. Upinzani huo haukuwa wa ukaidi tu, kama ulivyodhaniwa na baadhi ya watu. Ahadi ya jukwaa jipya ndani ya ghorofa ni nyepesi kutamkwa, lakini kundi lisilo na mfadhili litaigiza wapi katika miaka ya ujenzi, na jengo likikamilika, litaweza kulipa kodi ya usiku mmoja iliyopangwa kwa hesabu za maduka na ofisi?