Safu ya Malezi: Mwizi Anayechuuza Aibu



Hapa Edgbaston tumezoea kuwahofia vijana wetu wawapo njiani: basi la usiku, visu, marafiki tusiowajua kwao. Mwizi tunayemzungumzia mwezi huu hapiti njiani. Humfikia kijana chumbani mwake, nasi tumekaa ukumbini tukiamini kuwa yu salama.

Hujifanya binti wa rika lake, humsifu, humtumia picha ya utupu isiyo yake, kisha huomba naye atumiwe. Akiipata tu, maneno hubadilika: lete fedha, ama picha hii itawafikia mama yako, wajomba zako na shule nzima. Majina yao amekwisha yakusanya. Mwezi wa Aprili 2024 idara ya taifa ya kupambana na jinai, NCA, iliwatahadharisha walimu nchini kote kuwa wanaonaswa zaidi ni wavulana wa miaka 14 hadi 18. Naam, wavulana, sisi tuliozoea kuwachunga mabinti peke yao tulisome hilo mara mbili.

Huko Michigan, Marekani, mvulana wa miaka 17 alijiua Machi 2022, usiku ule ule aliotishwa. Ndugu wawili wa Lagos walihukumiwa Septemba 2024 kifungo cha miaka 17 na nusu kila mmoja.

Mtaji wa mwizi huyu si picha, ni aibu, na nyumba zetu zina aibu tele. Kijana aliyefunzwa stara huona heri lolote limpate kuliko babake ajue. Basi na aambiwe mapema, kabla ya balaa: ukifikwa, njoo, hatutakufokea, wala hatutampigia simu shangazi yako Mombasa. Kosa lake ni dogo mbele ya jinai aliyotendewa, na dini yetu imetuusia kusitiriana.

Asilipe, kwani alipaye huongezewa deni. Akate mazungumzo na amzuie mtu huyo, lakini asifute ujumbe wowote, maana huo ni ushahidi. Polisi ni 101, na penye hatari ya maisha 999. Childline hupokea simu bure kwa 0800 1111. Tangu mwaka 2021, wao pamoja na Internet Watch Foundation wana huduma iitwayo Report Remove: aliye chini ya miaka 18 huiwasilisha picha yake mwenyewe, nayo hupewa alama ya tarakimu ili mitandao iitambue na kuizuia isisambae.