Ufugaji wa Wanyama Watambaao: Mapenzi au Unyang'anyi?

Mtu afugaye mbuzi, kuku au paka hana haja ya kueleza asili ya mnyama wake. Wanyama hao wamezoea ua wa binadamu kwa maelfu ya miaka, na kila kizazi humpisha mwenzake humo humo nyumbani. Sivyo ilivyo kwa mjusi, kinyonga, kobe, nge, buibui na chungu. Katika miji mingi ya Ulaya, Marekani na Asia viumbe hao hufugwa siku hizi ndani ya masanduku ya kioo kwa ajili ya kutazamwa. Hawatoi maziwa, hawabebi mzigo, wala hawalindi mlango. Thamani yao ni sura yao, rangi yao na uchache wao. Hapo ndipo ubaya unapoanzia, kwa maana kitu kipendwacho kwa uchache wake huzidi kupendwa kadiri kinavyokwisha.

Vitabu vya ufugaji huu huanza na vipimo vya sanduku, joto la taa na aina ya chakula. Mambo hayo ni ya lazima, lakini yametangulizwa mahali pasipo pake. Swali la kwanza si mnyama huyu atakula nini, bali ametoka wapi, na ametolewa huko kwa njia gani. Mfugaji asiyeuliza swali hilo aweza kuwa hodari wa kulisha na kusafisha, na bado akawa mshirika wa mwizi. Malezi mema hayahalalishi mali ya wizi. Mtu aliyenunua ng'ombe wa kuibwa hasamehewi kwa sababu amemjengea zizi zuri.

Mfano wa karibu ni ule wa chungu wa Kenya. Mwezi wa Aprili 2025 watu wanne walikamatwa nchini humo kwa kuwa na malkia wa chungu wakubwa wavunao mbegu za nyasi. Wawili kati yao, vijana kutoka Ubelgiji, walikutwa katika nyumba ya wageni kaunti ya Nakuru na malkia wapatao 5,000, waliotiwa katika mirija midogo zaidi ya 2,000 yenye pamba ndani, ili wadumu na uhai katika safari ndefu. Mwezi wa Mei mahakama mjini Nairobi ilimhukumu kila mmoja wa wanne hao kulipa faini ya shilingi za Kenya 1,000,000 au kufungwa miezi 12. Chungu hao walikusudiwa masoko ya Ulaya na Asia, ambako watu huwafuga katika visanduku vyenye njia na vyumba vya kioo, wapate kutazama jinsi wanavyochimba na kuhifadhi akiba.

Wako waliocheka waliposikia hukumu hiyo. Walisema kuwa chungu ni mdudu tu, akanyagwaye na kila apitaye, na ya kuwa nchi yenye ndovu na vifaru ina kazi kubwa kuliko kulinda sisimizi. Kicheko hicho ni cha watu wasiojua chungu ni nini. Malkia mmoja si mdudu mmoja. Baada ya mvua huruka, hupandwa mara, hudondosha mabawa yake, kisha huingia ardhini peke yake na kuanza kujenga mji. Maelfu ya watumishi watakaotokea ni watoto wake, na hakuna mwingine awezaye kuwazaa. Anayemtwaa malkia 1 ametwaa mji mzima kabla haujajengwa. Aliyetwaa 5,000 amezuia miji 5,000 isijaribiwe. Ni kweli kuwa wengi wa malkia hao wangaliliwa na ndege au kufa kwa njaa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya waliobaki kuwa na thamani, wala si sababu ya kuwaongezea adui mwingine. Chungu hao huipindua ardhi, huipitisha hewa, na mbegu nyingine waziangushazo njiani huota. Methali isemayo kuwa ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno, ilitungwa na watu waliomtazama mdudu huyu kwa makini, nao hawakuhitaji kumfungia chupani ili wamjue.

Madhara ya biashara hii yameonekana wazi zaidi Tanzania. Katika mkoa wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, upo msitu wa Kimboza, ambao eneo lake ni hekta zipatazo 400 tu. Humo huishi mjusi mdogo wa jamaa ya mjusi kafiri, ambaye dume lake lina rangi ya samawati inayong'aa kama kito. Aliandikwa katika elimu ya wanyama mwaka 1952, na nje ya Kimboza hupatikana katika sehemu chache ndogo za jirani. Maskani yake ni miti ya jamaa ya mkadi, ile ambayo maua yake wanawake wa pwani huyapenda kwa harufu. Mjusi hukaa juu katika kitovu cha majani, na wakamataji waliona kuwa njia nyepesi ya kumpata ni kuuangusha mti. Wataalamu waliochunguza jambo hili walikadiria kuwa tangu mwisho wa 2004 mpaka katikati ya 2009 kundi moja tu la wakamataji lilitoa zaidi ya mijusi 32,000. Mwaka 2012 mjusi huyo aliingizwa katika daraja la viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulikubali kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya mijusi waliokamatwa porini, na marufuku hiyo ilianza kutumika 2017.

Ni nani aliyekata miti ile? Shoka lilishikwa na kijana wa kijijini aliyelipwa fedha kidogo. Lakini mkono ulioliinua ulikuwa mbali, katika chumba chenye taa na kioo. Kila mnunuzi alinunua mjusi mmoja au wawili, akajiona hana kosa, kwa sababu msitu hauishi kwa mijusi wawili. Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukitupua.

Kobe bapa wa miambani amepata msiba wa namna ile ile. Yeye ni wa Kenya na Tanzania, na wachache wameonekana kaskazini ya Zambia. Gamba lake ni jembamba na laini, naye hujiponya kwa kukimbilia nyufa za mawe na kujibana humo. Hutaga kwa kawaida yai moja kwa mara, kwa hiyo aliyetwaliwa hafidiwi upesi. Wamtafutao huyapasua majabali kwa mitaimbo wapate kumtoa, na ufa uliovunjwa hauoti tena kama mti; kizazi cha baadaye hakina pa kujificha. Kenya ilikataza kumpeleka nje mwaka 1981. Mataifa yalikuja kumpa ulinzi wa daraja la juu mwaka 2019, miaka 38 baadaye.

Watetezi wa biashara hii wana hoja tatu. Ya kwanza ni kuwa mfugaji hununua kwa sababu anampenda mnyama. Hoja hiyo ni dhaifu. Mapenzi yasiyomwacha mpendwa abaki kwao, wala yasiyouliza wenziwe wangapi walikufa njiani, ni tamaa iliyovaa joho la mapenzi.

Hoja ya pili ni kuwa wanavijiji hupata riziki. Hii ina uzito, kwa maana umaskini wa mkamataji ni wa kweli, na wanaomlaumu aghalabu hawana shida yake. Lakini riziki iishayo pamoja na msitu si riziki, ni mkopo, na atakayeulipa ni mtoto wa mkamataji huyo huyo. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya faida haimfikii. Hubaki kwa msafirishaji na mwenye duka, ambao hawataiona njaa ya Kimboza.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nayo ni kuwa ufugaji huongeza viumbe ambao porini wanapungua. Ni kweli kuwa mjusi wa Kimboza huzaliana vizuri katika masanduku ya Ulaya. Lakini ukweli huo wamhukumu mtetezi badala ya kumwokoa. Ikiwa huzaliana huko, kulikuwa na haja gani ya kuendelea kumtoa msituni? Na mjusi aliyezaliwa sandukuni haurudishii msitu miti yake. Isitoshe, jina la mnyama wa kuzaliwa nyumbani limekuwa pazia: wengi waliokamatwa porini huuzwa kwa jina hilo, na mnunuzi apendaye bei nafuu hapendi kulifunua.

Lawama haiwaelekei wageni peke yao. Katika Afrika Mashariki watu wengi humwona kinyonga kuwa mkosi, wakampiga kwa mawe. Mwaka 2006 wataalamu waliipa jamaa moja ya vinyonga wa milima ya Afrika jina la Kinyongia, kwa kulichukua neno la Kiswahili. Ni aibu kwamba dunia ya elimu imeazima neno kutoka kwa watu ambao wengi wao wangali wanamwogopa mwenye jina. Mwenyeji akichukia na mgeni akitamani, mnyama hana rafiki. Sheria ni ngao njema, na Tanzania ilifanya vema mwaka 2016 iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Lakini ngao yataka mtu wa kuishika, na mtu halindi asichokithamini.

Sasa, mtu aliyekwisha kupata jibu la haki kuhusu asili ya mnyama ana wajibu wa pili, nao ni malezi. Hapa pia wengi hudanganywa na wauzaji wasemao kuwa wanyama hawa ni rahisi kufuga. Mnyama atambaaye hana joto lake mwenyewe. Lazima awe na upande wa moto na upande wa baridi, apate kuhama apendavyo. Akikosa joto, chakula humwozea tumboni. Wengi wao huhitaji miali ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo kioo cha dirisha huizuia. Wakiikosa, chokaa ya mwili haitumiki vema, mifupa hulainika, nao hupata matege na kufa polepole. Kinyonga aghalabu hanywi maji bakulini. Hulamba matone juu ya majani, na aliye mbele ya bakuli lililojaa aweza kufa kwa kiu. Buibui mkubwa akidondoka kutoka kimo cha mkono wa mtoto huweza kupasuka tumbo. Kobe wa aina nyingi hupita umri wa miaka 50, hata akamzika mnunuzi wake. Na kwa kuwa kobe wadogo waliwaambukiza watoto maradhi ya tumbo, Marekani ilikataza mwaka 1975 kuuza wale ambao gamba lao halifiki kiasi cha sentimita 10. Hayo ndiyo yanayoitwa rahisi.

Tena upo wajibu wa tatu: asiyeweza kuendelea kufuga asimwachie mnyama nje. Mwaka 1966 mtoto mmoja alileta Miami konokono wakubwa watatu kutoka Hawaii, wa ile aina ambayo asili yake ni Afrika Mashariki. Walitupwa bustanini. Baada ya miaka saba wakawa maelfu kwa maelfu, wakala mimea na kuharibu kuta za nyumba. Jimbo la Florida lilitumia zaidi ya dola 1,000,000 kuwamaliza, kazi iliyokwisha 1975. Walionekana tena 2011, na ilipasa kungoja mpaka 2021 kutangaza kuwa wamekwisha. Mwaka 2022 wakaonekana katika wilaya nyingine. Kiumbe asiye na hatia kwao alifanywa adui ugenini, na aliyemfanya adui ni mtu.

Basi sheria ya kuchagua ni fupi. Anayetaka kufuga na achague mnyama ambaye aina yake imezaliana nyumbani kwa vizazi vingi, na ambaye mzalishaji wake yu tayari kuwaonyesha wazazi wake. Na achague yule ambaye umri wake, ukubwa wake na mahitaji yake yanalingana na nyumba, mfuko na subira ya mfugaji. Panzi-kijiti alelewaye kwa majani, au mjusi wa kawaida aliyezaliwa sandukuni, atamfundisha mtoto yote ambayo kobe wa miambani angemfundisha, bila ya jabali kuvunjwa. Muuzaji asiyeweza kueleza asili ya mnyama aachiwe mnyama wake. Kadhalika nchi zinunuazo zisiseme kuwa chungu wa Kenya hawamo katika orodha ya mkataba wa mataifa. Kilichotolewa kwa kuvunja sheria ya kwao ni cha wizi kila kifikapo. Marekani huitambua kanuni hiyo katika sheria iitwayo Lacey Act. Nchi nyingine nyingi bado zimefumba macho, na wezi huyajua macho yaliyofumbwa.

Kuna namna nyingine ya kumpenda mnyama, ambayo ni ya zamani na haina gharama. Ni kuketi jioni na kumtazama mjusi kafiri akivizia nondo karibu na taa ukutani. Amekuja kwa miguu yake, na apendapo huondoka.