Bei Haina Harufu

Wapo wenzangu chuoni hapa Kampala wanaosema kwamba manukato ya kifahari kutoka Paris ndiyo dalili ya mtu aliyestaarabika. Mimi ninawapinga. Nimewahi kujipulizia manukato ya aina hiyo kwa wiki nzima, baada ya kupewa kichupa na binamu yangu. Yananukia vizuri, sikatai: karafuu mwanzoni, kisha mlangilangi, na udi ukabaki nguoni hadi jioni. Lakini je, harufu hizo ni ngeni kwetu? Karafuu huanikwa juani Pemba. Maua ya mlangilangi huchumwa alfajiri Komoro. Udi hufukizwa katika harusi za Zanzibar na Maskat tangu zamani. Wenye viwanda huchanganya na spiriti, huweka kizibo cha kung'aa na jina, kisha chupa moja hupita dola 300. Kwa wengi wetu hiyo ni karo! Na mchumaji wa maua hupata kiasi gani? Anayependa kunukia na anukie, ila asimdharau bibi wa pwani mwenye chetezo na asumini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.