Si chira, ni swichi: Kansa ya umio inavyozima breki za seli, na kwa nini vijana wa Migori na Homa Bay wafuatilie hii story

Ukitoka Rongo hadi Mbita, utasikia story moja inayofanana sana. Budah alianza kukataa ugali, akisema inamkwama kifuani. Kemisti akampea dawa ya vidonda vya tumbo. Baadaye hata uji ukaanza kukwama, budah akakonda, na watu wakaanza kunong'ona: hiyo ni chira, kuna mwiko alivunja. Siku alifikishwa hosi na kuingizwa kamera ya kooni, ikapatikana ni kansa ya umio, ile bomba ya kupitisha chakula. Wakati huo ilikuwa imeenda mbali.

Hii si bahati mbaya ya boma moja. Kwa makadirio ya kimataifa ya 2018, kansa ya umio iliua zaidi ya Wakenya 4,300 mwaka huo, kuliko kansa nyingine yoyote. Kenya iko ndani ya ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako huu ugonjwa umezidi. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, masaa machache tu kutoka Migori, imeona hata wagonjwa wa chini ya miaka 30. Kwa hivyo usidhani ni ugonjwa wa wazee peke yao.

Sasa, ndani ya seli huwa kunaendelea nini?

Chukulia mwili wako ni ploti. Kila chumba kina waya zilezile, yaani DNA moja. Chumba cha jicho kinatofautiana na cha umio kwa sababu ya swichi: jeni gani imewashwa, gani imezimwa. Mafundi wa hizo swichi ni vimeng'enya, na elimu ya kazi yao inaitwa epijenetiki. Fundi anaitwa DNMT hubandika alama ndogo ya methili juu ya DNA, na ikibandikwa pale jeni inaanzia, mara nyingi hiyo jeni hunyamaza. TET husaidia kuibandua. HDAC naye hufanya DNA ikazwe kwa protini zake hadi isisomeke, na EZH2 huweka alama zake za kuzima kwa protini hizo hizo.

Kwa kansa, hawa mafundi huenda mrama. Kuna jeni inaitwa p16, breki ya kuzuia seli isigawanyike ovyo. Kwa kansa ya umio, p16 hupatikana mara nyingi imezimwa. Kwa utumbo mpana, kuna wagonjwa ambao jeni yao ya MLH1, inayorekebisha makosa ya DNA, imefungwa na hiyo methili. Ni kweli waya zenyewe pia hukatika, na mara nyingi hayo mawili huenda pamoja. Lakini waya ikikatika imekatika. Swichi iliyozimwa inaweza kuwashwa tena, angalau kinadharia, na hapo ndipo wanasayansi wameshikilia.

Nani anachezea swichi? Moshi wa fegi hubadilisha alama za methili, hiyo imeonekana hata kwa damu ya wavutaji. Pombe huvuruga folate, vitamini ambayo mwili hutumia kutengeneza hizo alama. Uvimbe wa muda mrefu pia huchangia, kama ule wa bakteria ya H. pylori tumboni. Utafiti uliofanywa Eldoret ulihusisha kansa ya umio na chang'aa, busaa na vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa kansa la WHO lilisema kinywaji cha zaidi ya digrii 65 huenda kinasababisha kansa ya umio. Kwa hivyo ile chai unakunywa ikichemka ndio uonekane mgumu, manze, iache ipoe kwanza.

Wengi hukimbilia kulaumu migodi ya dhahabu ya Nyatike. Zebaki inayotumika huko ni hatari, huharibu ubongo na figo, na lazima ishughulikiwe. Lakini haijathibitishwa kuwa ndiyo huleta kansa ya umio. Tukirusha mawe upande mmoja tu, fegi na chang'aa zinatoka bila hata swali. Migori imelima tumbaku kwa miaka mingi. Mwaka 2022 WHO, FAO, WFP na serikali walianza mradi wa kusaidia wakulima wa huko wahamie maharagwe. Hiyo nayo ni vita dhidi ya kansa, ingawa inafanyika shambani.

Na dawa za kuwasha swichi je? Zipo. Marekani ilipitisha azacitidine mwaka 2004 na vorinostat 2006, lakini kwa saratani fulani za damu na za ngozi. Kwa kansa za umio, tumbo na utumbo, zikitumiwa peke yake bado hazijaleta matokeo ya kushangiliwa. Kwa hivyo msee wa mtandaoni anayekuuzia unga wa "kurekebisha DNA" anataka tu doo zako.

Habari tamu zaidi iko kwa vipimo. Marekani tayari inatumia kipimo cha damu na cha choo kinachosoma alama za methili kutafuta kansa ya utumbo mpana. Shida yetu kubwa ni umio. Kama seli za wagonjwa wetu hazichunguzwi kwa wingi, kipimo kitakachokuja kitakuwa kimeundwa na watu wengine kwa ugonjwa wao wenyewe.

Kabla kifike, kamera ya koo ndiyo ukweli tulio nao. SHA ilianza Oktoba 2024 na kifurushi cha kansa cha hadi shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka, na wagonjwa wamelalamika kuwa hakitoshi. Hiyo pesa pia haina maana kubwa kama mtu anafika hosi akiwa hawezi kumeza mate. Ukikutana na MCA wako, muulize: kamera iko hospitali gani, inafanya kazi, na nani anajua kuitumia?

Na kama mathe, budah ama dani anasema chakula kinakwama, usingoje kikao cha ukoo kitafute mwiko. Mpeleke akaangaliwe wiki hii.