JE, KUSINZIA KATIKA KONFERENSI NI ZAMBI?



Siku moja nilikuwa katika konferensi ya vijana. Tulikula bugali na maharagi, kisha saa nane hotuba ya tatu ikaanza. Watu tele, madirisha yamefungwa juu ya mvua. Nikasinzia. Wakanisimamisha mbele ya wote, nikapata haya kabisa. Jirani akacheka: «Ungekunywa kahawa!»

Kahawa gani? Sisi wa Lubero tunalima arabika, ndugu wa Beni robusta, lakini karibu yote inauzwa ngambo. Nyumba ngapi kwetu ziko na kikombe kimoja cha kahawa asubuhi? Tena kahawa haiondoi usingizi, inauficha tu. Kafeini iliyo ndani yake inazuia ubongo usisikie uchovu. Kisha masaa 5 hivi, nusu yake ingali mwilini. Ukiinywa mangaribi, usiku hulali vema, na kesho unasinzia zaidi. Ni deni.

Tusome Matendo ya Mitume 20. Kule Troa Paulo alihubiri mpaka usiku wa manane. Kijana Eutiko, aliyekaa dirishani, akalala, akaanguka toka orofa ya tatu, wakamwokota amekufa. Paulo alifanya nini? Alishuka, akamkumbatia, kijana akawa hai. Kisha wakala chakula. Nimetafuta sana, sikuona mahali Paulo alipomkaripia.

Basi mimi nasema: kusinzia si zambi. Lakini sisi vijana tuko na sehemu yetu. Mtu wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji kulala masaa 8 mpaka 10, nasi usiku wa konferensi tunapiga masimulizi mpaka jogoo awike! Tulale. Mchana tushike kaye na biki, tuandike, tuulize maulizo. Usingizi ukizidi, simama nyuma polepole.

Wakubwa nao wako na sehemu yao. Wafungue madirisha. Kisha chakula waweke wimbo ao mazungumzo ya vikundi, hotuba ndefu iwe asubuhi.

Na ukiona mwenzako anasinzia, mwamshe kwa mkono, usimwamshe kwa haya. Mwenye wazo lingine aandike, tutasoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano