Tahadhari kwa Wazazi: Mtoto Anayeogopa Kwao Hasemi

Likizo inakaribia. Watoto watashinda nyumbani bila mtu mzima, wengine watapelekwa kwa ndugu. Kabla hujamfungia mwanao begi, jiulize: mtu akimshika pasipostahili, atakimbilia kwako au atanyamaza kwa kuogopa fimbo yako?

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya watoto walikuwa wamepigwa. Mambo haya mawili yanashikana. Anayeharibu watoto mara nyingi ni mtu wanayemfahamu, na silaha yake ni maneno machache: "Ukisema, mama atakuchapa." Mtoto anayechapwa kwa kuvunja kikombe ataamini.

Malezi ya amri na kipigo huleta utulivu ambao wageni huusifu kuwa ni adabu. Chini yake mtoto anajifunza kuficha. Tangu miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind alitofautisha malezi ya amri, malezi ya kulegeza kamba, na malezi ya mipaka thabiti yenye maelezo na upendo. Watoto wa kundi hili la mwisho ndio aliowakuta wakijiamini na kujimudu zaidi.

Wala usikimbilie kulegeza kamba. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto asiyeulizwa alikuwa wapi, wala nani kampa hela ile, naye yuko wazi kwa kila mwenye nia mbaya. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli, lakini kumkunja si kumvunja.

Leo usiku, kaa na mwanao umwambie: "Mtu yeyote akikushika sehemu zako za siri, au akikutaka mfiche jambo, njoo uniambie. Sitakuchapa, hata kama ulikwenda nilikokukataza." Kisha tunza ahadi hiyo. Kesho atakapokuja kukiri kosa dogo, atakuwa anakupima.

Akianza kukojoa kitandani ilhali alishaacha, akishtuka usingizini, akikataa kwenda kwa mtu fulani au akiwa na zawadi asizoweza kuzieleza, muulize kwa upole. Akikueleza kuwa ameingiliwa, usimfokee, usimwogeshe, usifue nguo zake. Mpeleke hospitali mara moja: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116 bila malipo; namba hiyo inatumika pia Kenya.

Usiyamalize kifamilia. Mtoto aliyejipa moyo akasema, kisha akaona wakubwa wakinyamazishana, hatasema tena.