Mgeni Amzuiaye Mwenyeji Kuamka

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika tarakilishi, mara nyingine mgeni huja mwenyeji akaugua. Mwanafunzi huwasha mashine yake, kiwambo kikasalia cheusi, kikiwa na sentensi moja tu ya Kiingereza isemayo kuwa mfumo endeshi haukupatikana. Tasnifu ya miaka miwili imo humo! Hukimbilia kwa fundi, na akiangukia mikononi mwa mlaghai, huambiwa kuwa diski kuu imekufa na sharti inunuliwe nyingine.

Yamkini diski hiyo ni buheri wa afya. Kabla mfumo endeshi haujaamka, programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao mkuu wa mashine huutafuta mfumo huo, chombo baada ya chombo, kwa kufuata orodha maalumu. Endapo diski ya nje au diski mweko iliyosahaulika imetangulia katika orodha, nayo haina mfumo, baadhi ya mashine hukwama papo hapo. Tiba ya kwanza haina gharama: kuzima mashine, kuchomoa diski zote za nje, kisha kuwasha upya. Ikiamka, mipangilio ya uanzishaji irekebishwe ili diski ya ndani itangulie. Isipoamka, ndipo fundi aitwe. Naye asifute chochote kabla ya kunakili kinachoweza kuokolewa.

Kwa nini basi maarifa mepesi kiasi hiki yawe adimu? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, hitilafu hii hutokea kabla programu kama hizo hazijafunguka. Wapo watakaodai kuwa msomi wa chuo kikuu anakijua Kiingereza. Naam, anakijua, lakini ile sentensi ya kiwamboni haimwelezi achomoe nini.

Wanafunzi wa Kiswahili wamebishana vya kutosha iwapo mashine hii ni tarakilishi au kompyuta. Jina lolote litafaa, maadamu maelezo yapo. Vyama vya Kiswahili vyuoni viandike mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa lugha sahili, ubandikwe katika kila chumba cha tarakilishi. Hapo istilahi zitapata kazi, na tasnifu zitapona.